Jina la Mama Mlangoni

Tangu Hezekiah aanze kulifufua lile gari dogo la mbio aliloachiwa na mzungu wa Nanyuki, lilinuka mafuta ya nywele ya mwanamke. Injini yake hukaa katikati, nyuma tu ya viti, na kila aliposhika usukani alihisi pumzi ya moto kisogoni. Akajiambia ni joto la injini. Injini yenyewe ilikuwa bado iko mezani, imefunguliwa vipande vipande!

Kabura, mkewe mjamzito, aliona wivu wala hakuuficha. "Ati mimi nalala peke yangu, na wewe uko huko unapapasa hiyo chuma?"

Siku injini iliponguruma pale Majengo, mwaka wa sabini na nne, Hezekiah alipagawa kwa furaha. Akalipigia gari vigelegele vitatu, vile Wakikuyu humpigia mtoto wa kike anapozaliwa, kisha akaandika mlangoni kwa rangi: Waithira. Lilikuwa jina la mama yake, na kwa desturi lilimngoja binti yake wa kwanza. Upumbavu gani huu!

Binti akazaliwa mwezi uleule. Kila alipoitwa Waithira, honi ililia uani bila mtu, na mtoto akakosa hewa hadi midomo ikageuka buluu.

"Mlikuwa na jini humo," akanong'ona Zeynab, jirani yao mganga. "Wewe ukalipatia jina. Mwenye jina aje alidai mwenyewe, ama mtoto huyu ataenda."

Mama yake Hezekiah akaja kutoka Tetu akiwaka hasira. "Hezekiah, umepea gari jina yangu?" Akaingia garini, akajifungia.

Vioo vikajaa ukungu, harufu ya mafuta ya nywele ikatanda uani hata Kabura akamfunika mtoto uso, na injini ikaanza yenyewe, chinichini kama mtu anayecheka amefumba mdomo, ikapanda, ikazidi kupanda, mpaka rangi ya lile jina ikafanya malengelenge na kudondoka yote chini. Kisha kimya.

Mtoto akalia kwa nguvu. "Waithira wangu!" Kabura akaita, machozi yakimtoka. Honi haikujibu.

Mlango wa gari ukafunguka. Mama akatoka polepole, akampita mjukuu bila kumtazama, akaushika mkono wa Hezekiah wenye grisi na kuulaza shavuni pake.

"Huyu mwanamke na mtoto wake," akauliza kwa sauti laini, "wanaondoka lini?"