Mshumaa wa Picha ya Tatu

Jumatatu, tarehe 12 Mei, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Balbina alipita studio ya Odilia pale Lumemo kuchukua picha zake za kitambulisho. Mlango ulikuwa wazi. Mwenye studio alikuwa ameketi sakafuni, kopo la biskuti mapajani, anahesabu memori kadi kwa mara ya nne.

"Lusia hayupo," alisema bila hata kuamkia. "Mama, wameniibia Lusia."

Odilia aliziita kadi zake kwa majina ya watakatifu na kuyaandika kwa kalamu nyeupe: Yosefu wa harusi, Ana wa ubatizo, Lusia mlinzi wa macho kwa kazi za majaribio. Zilikuwa kumi na mbili, sasa zimebaki kumi na moja. Mezani, pembeni ya mkasi, kamera mbili, ya zamani na mpya, zilikaa salama.

Balbina alizitazama akasonya. Mwizi anayeacha kamera mbili na kuchukua kidude cha ukubwa wa ukucha si mwizi wa njaa. Wa njaa angemhurumia.

"Ameingilia wapi?"

Odilia alionyesha dirisha la nyuma. Wavu wa mbu ulikuwa umekatwa tundu la kutosha mtu mwembamba. Balbina alisogea. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefanya kazi kwenye utafiti wa mbu: kutega mitego kwenye nyumba za watu, kukagua nyavu, kuhesabu mbu mmoja mmoja chini ya darubini. Alipitisha kidole kwenye tundu. Ncha za waya zilikuwa zimepinda kuelekea nje. Kizingitini vumbi lilikuwa limelala bila alama, na utando wa buibui kwenye kona ulikuwa mzima.

"Polisi wamesema watakuja saa tano," Odilia alisema.

"Waje. Wewe kaa kitini unijibu. Lusia alikuwa na nini?"

"Picha za mwezi wa tatu, Mama. Zile za jarida."

Habari ya jarida Lumemo nzima iliijua. Mwezi Machi, Mwalimu Wiliam, aliyemfundisha Odilia kazi miaka kumi iliyopita, alikuja kutoka Dar es Salaam kulifanyia jarida la Lenzi jaribio la kushindanisha kamera tano. Toleo la Aprili likatoka na jedwali, nyota na alama. Nuru 7 ilipata tisini na mbili kwa mia, ikaitwa malkia wa mwanga hafifu. Odilia akaamini, akauza cherehani yake, akainunua. Tarehe 27 Aprili Askofu alikuja kutoa Kipaimara. Watoto sitini na wanne walipigwa picha ndani ya kanisa, na zote sitini na nne zilitoka na chenga tupu, nyuso kama uji uliomwagika.

Wazazi walisema amewapiga kwa simu mbovu na kula hela zao. Alhamisi saa nne halmashauri ya walei ingekaa. Ikimtia hatiani, angenyang'anywa kazi zote za kigango: harusi, ubatizo, misiba. Hapo Lumemo mpiga picha aliyekataliwa na kigango hana tena mlango wa kubisha.

"Na Lusia angekusaidia nini?"

"Nilitaka niifungue leo nione Mwalimu aliiwekaje Nuru siku ile, picha ikatoka nzuri vile. Nilimwazima kadi hii, ikazunguka kwenye kamera zote tano. Mimi nilijua kosa ni la mkono wangu." Alifuta pua. "Ijumaa nilimpigia simu nikamwambia Lusia bado ninayo. Akafurahi. Jumamosi akapanda basi akaja kunitetea."

"Jana nani aliingia humu?"

"Asubuhi Lusia alikuwepo. Baadaye waliingia watatu. Agapiti alikuja kunitukana, akaishia kaunta. Beno alileta chaja, nikaingia naye chumba cha nyuma, tukatoka wote. Halafu Mwalimu. Nilimwacha hapa nusu saa nikamfuatie wali na samaki."

Balbina alipitia majina hayo matatu kichwani, akaanza na lile lenye kelele.

Saa nne na dakika ishirini alimkuta Agapiti mashineni, anakobolesha mpunga. Binti yake alikuwa mmoja wa wale sitini na wanne.

"Shikamoo, mama. Kama umetumwa na yule tapeli, rudi."

"Marahaba. Jana ulifika studio saa ngapi?"

"Saa nane. Nilimwambia ukweli wake, nikaondoka."

"Ameibiwa kadi."

Agapiti alicheka kwa hasira. "Kadi? Mimi ningeingia mle ningebeba ile kamera yake nikaipondee jiweni. Mwanangu amepata Kipaimara mara moja tu duniani, mama. Mara moja! Bibi yake kule Mahenge hawezi kusafiri, alisubiri picha. Nimtumie ule uchafu?"

Balbina alimwamini. Hasira ya kweli huvunja kamera, haichambui memori kadi kwenye kopo.

Saa sita na nusu alikuwa dukani kwa Beno, karibu na stendi. Beno ndiye aliyekuwa akiuza Nuru 7 Ifakara nzima, na ukurasa wa jarida wenye alama tisini na mbili alikuwa ameutundika ukutani kwenye fremu, pembeni ya Bikira Maria. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, Balbina aliwaza, na hiki kimetembea mpaka ukutani.

"Siku ya jaribio ulifanya nini?"

"Kubeba kamera, mama. Na nilichelewa. Bodaboda ilipata pancha Kibaoni, nikafika kanisani saa kumi na moja kamili. Nikamkuta Edna, aliyekuwa anapigwa picha, keshawasha mshumaa, keshachoka kuushika. Mwalimu akanambia nipe moja, nikampa; nipe mbili, nikampa. Mpaka tano, kila moja dakika kumi."

"Ya tatu ndiyo Nuru?"

"Ndiyo. Kama jarida linavyosema."

"Na Lusia unamfahamu?"

Beno alikuna kichwa. "Lusia wa wapi? Yule muuza dagaa?"

Balbina alimwomba nakala ya jarida. Alipofika nyumbani alitoa rula na kioo cha kukuzia alivyobaki navyo kutoka kazini. Picha tano zilichapwa safu moja, zote za Edna na mshumaa, na chini yake maneno: *Sehemu moja, stendi moja, kwa mfuatano, saa 11:00 hadi 11:50 jioni.* Alipima urefu wa mshumaa katika kila picha, akaandika kwenye daftari: milimita 31, 29, 37, 25, 23.

Aliiangalia namba ya katikati, chai ikapoa mkononi. Kazini aliwahi kuona vijana wakiandika idadi ya mbu ambao hawakuwahesabu, ili mtego wa mfadhili uonekane mzuri. Tangu siku zile namba za uongo humtia kinyaa kuliko panya mfu kisimani.

Kesho yake saa tatu asubuhi alimtafuta Edna, fundi cherehani mwenye banda mkabala na zahanati.

"Siku ile ulipigwa picha ngapi?"

"Sita, mama."

"Kamera si zilikuwa tano?"

"Kabla Beno hajaja Mwalimu alinipiga moja na kamera yake mwenyewe, lile dude jeusi la begani. Alisema anapima mwanga. Mshumaa ndiyo kwanza nimeuwasha. Kwani kuna ubaya?"

"Kwako hapana, mwanangu. Alhamisi saa nne njoo kanisani."

Alhamisi, saa nne kamili, wajumbe tisa walikaa kwenye mabenchi ya mbele. Mwenyekiti, Mzee Alfonsi, alifungua kwa sala. Agapiti alisema kwa niaba ya wazazi, kwa ukali. Kisha Mwalimu Wiliam akasimama, shati limenyooshwa, jarida mkononi.

"Nasema kwa uchungu, maana Odilia ni mwanafunzi wangu. Kamera hii nimeipima mimi. Humu humu, mwanga huu huu. Kamera haina kosa. Kuna mikono ambayo hata uipe dhahabu itatoa kutu. Msimhukumu sana, mtafutieni kazi nyingine."

Odilia aliinamisha kichwa. Siku tano alikuwa akimpikia mtu huyu, akiamini anamtetea. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimekula mpaka samaki wake. Balbina akasimama.

"Mzee Alfonsi, naomba nafasi," alisema. "Mimi maisha yangu nimelinganisha mitego. Mtego ukikamata mbu wengi nyumba hii, hujui kama sifa ni ya mtego au ya nyumba. Kwa hiyo unauhamisha. Naomba tuzihamishe hizi kamera mikono. Edna ashike mshumaa, sasa hivi. Mwalimu apige na Nuru, Odilia na kamera yake ya zamani, kisha wabadilishane."

Wiliam alitabasamu. "Dada, mambo haya yana utaalamu wake."

"Na mtaalamu ni wewe. Simama upige."

Akapiga, maana macho ya wajumbe tisa yalikuwa yamemkazia. Kadi za Yosefu na Ana zikawekwa kwenye kompyuta ya Odilia, na wajumbe wakasogea. Picha ya Mwalimu kwa Nuru ilijaa chenga, uso wa Edna hauna pua. Ya Odilia kwa kamera ya zamani ilionyesha hata kovu dogo kidevuni. Wakabadilishana. Chenga zikamfuata Odilia, uso wa Edna ukarudi kwa Mwalimu.

"Kosa linafuata kamera," Mzee Alfonsi alisema polepole. "Halifuati mkono."

"Sasa tuulize ile picha nzuri ya jaridani ilitoka wapi." Balbina alifungua ukurasa na kuweka rula juu yake. "Picha ya kwanza, mshumaa milimita thelathini na moja. Ya pili, ishirini na tisa. Ya tatu, ya Nuru, thelathini na saba. Ya nne, ishirini na tano. Mwalimu, nifundishe. Mshumaa unaowaka huwa unarefuka?"

Edna alisimama bila kuitwa, akasema habari ya picha ya sita.

"Picha halisi ya Nuru ilitoka mbovu," Balbina aliendelea, "ukaweka ya kamera yako mahali pake. Ushahidi ulikuwa kwenye Lusia, kadi uliyoazima ukasahau kuifuta. Ijumaa mtoto wa watu anakwambia ataifungua ajifunze kwako. Jumamosi uko kwenye basi."

"Kadi imeibwa na mwizi wa dirishani! Kila mtu anajua!"

"Wavu umekatwa kutoka ndani. Waya zimepinda kuelekea nje, kizingitini vumbi halijaguswa. Aliyeukata alikuwa amekaribishwa. Agapiti aliishia kaunta. Beno hakuachwa peke yake hata dakika moja, wala hajui kwamba kadi zina majina. Nusu saa nzima ulibaki wewe, na mkasi wa Odilia mezani, naye yuko juani anakutafutia samaki."

Wiliam aliketi. Alipozungumza, sauti yake haikuwa na aibu, na hilo ndilo lililomchefua Balbina kuliko yote.

"Nimeitupa mtoni. Mnataka nini? Jarida linaishi kwa matangazo. Kampuni isiyoshinda haileti tena kamera. Na msomaji naye hataki ukweli, anataka namba. Ukimwandikia kwamba zote tano zinakaribiana, kwamba inategemea anapiga nini na wapi, hanunui jarida. Nimempa namba. Hakuna aliyekufa."

"Umewaambia nitafutiwe kazi nyingine," Odilia alisema.

"Ungezoea."

Mzee Alfonsi aligonga benchi kwa kiganja. "Mpigie mhariri wako. Hapa, kwa sauti kubwa. Umwambie tisini na mbili ni uongo, asahihishe."

Simu iliita mara mbili. Kabla Wiliam hajamaliza salamu, sauti ya mwanamke mwenye haraka ikajaa kanisani: "Afadhali umepiga. Ukurasa wa Juni tumeshaufunga. Nuru 8 imeshinda, tumeipa tisini na nne. Nitumie picha moja kali niiweke, chochote ulichonacho."

"Nuru 8 umeipima?" Balbina alimuuliza Wiliam.

"Haijaingia nchini," alisema, na kukata simu.

Mjumbe mmoja alitoka nje, wakamsikia akitema mate. Mzee Alfonsi alitamka kwamba Odilia hana hatia, kazi za kigango ni zake, na Beno ajulishwe aishushe ile fremu. Wajumbe wawili wakaondoka na Wiliam kuelekea polisi, jarida lake limebaki kwenye benchi, hakuna aliyetaka kuligusa.

Agapiti alibaki amesimama mbele ya Odilia, kofia mkononi.

"Nilikuita mwizi mbele za watu," alisema. "Jumapili baada ya Misa nitasimama mbele za watu hao hao niseme nilikosea."

"Sema," Odilia alijibu. Macho yalikuwa yamemvimba lakini sauti ilikuwa imara. "Na binti umlete na gauni lake jeupe, na wenzake wote waje. Askofu hatakuwepo. Lakini bibi kule Mahenge atauona uso wa mjukuu wake."

Agapiti alitikisa kichwa kukubali.