Nyundo ya Tata Abner

Sisi watoto wa kambi ya reli ya Kamina hatukuhitaji saa. Treni ya kwanza ikilia tunaamka, ya pili ikilia tunakunywa uji, kisha tunavuka reli kwenda shule ya misheni. Mwaka huo wa 1937 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mdomo wangu haukujua kupumzika. Mama aliniita redio ya kambi.

Pale tulipovuka tulikuwa na mchezo wetu. Tata Abner, jirani tuliyemwita tata, yaani baba, alifanya kazi ya kupita kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga kila gurudumu. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama chungu kibovu. Sisi tuliokota jiwe tukagonga reli mara mbili, naye alitujibu kwa nyundo mara tatu. Ukipita bila kumgongea, jioni alikuuliza umelelewa na nani hata hujui salamu.

Asubuhi moja nilichelewa, nikavuka peke yangu. Baba yangu, Kapenda, alikuwa zamuni. Yeye ndiye aliyepunga bendera ya kijani ili mabehewa yasukumwe. Niligonga reli mara mbili. Tata Abner akainua kichwa, akageuka kunitafuta, na papo hapo mabehewa yakamjia kwa nyuma. Jibu halikuja. Nilisikia wanaume wakipiga kelele, nikatupa jiwe, nikakimbia mpaka shuleni, nikakaa kwenye benchi langu nikaandika imla pamoja na wenzangu. Tulipotoka adhuhuri, kambi nzima ilikuwa inalia.

Sikumwambia mtu. Nilijua moyoni kwamba mimi ndiye niliyemuua, na kwamba Mama Mulanga, mjane wake, akijua, atanilaani mbele ya watu wote.

Siku ya tano baada ya mazishi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani, jua limesimama kichwani, nikasikia: ko, ko, ko. Nilisimamisha mchi. Mama yangu, Élisa, alikuwa akisugua masufuria hatua mbili kutoka kwangu, wala hakugeuka. Kesho yake nikasikia tena, mwalimu akiwa anaandika ubaoni. Mara tatu, polepole, kama mtu anayenijibu. Nikaanza kuzunguka kwa njia ya sokoni ili nisivuke reli pale.

Bukari, ugali wetu, haikupita kooni. Tumbo lilinikata kila asubuhi, mikono ikawa baridi, na nikichana nywele zilibaki kwenye kitana. Baba naye alikonda. Akitoka kazini alikaa mlangoni akitazama mabehewa, na yakigongana tu alishtuka mwili mzima. Tulikula sahani moja, yeye upande wake na mimi wangu, na vidole vyetu havikushika kitu. Majirani wakanong'ona kwamba Abner anadai damu yake. Mama, mwimbaji wa kanisa, alinyunyiza majivu kizingitini ili mzimu usiingie, kisha akasema eti yalimwagika.

Mama Mulanga ndiye niliyemwogopa kuliko mzimu wowote. Zamani alinipa karanga. Sasa akitoka nje naingia ndani. Siku moja aliniita bombani, nikaacha ndoo yangu ikimwagika, nikakimbia. Jioni alikuja kwetu.

"Élisa, mutoto wako ananikimbia," alimwambia Mama. "Minyi, mimi huyu, niko na ukoma? Nimefiwa, basi nanuka?"

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikauma kidole changu nisilie.

Mara mbili Mama alinipeleka zahanati. Muuguzi Edmond Mpoyi, mtu wa Kasai mwenye maneno machache, alinipa dawa ya minyoo, kisha kwinini. Mara ya tatu alinipima, akafunga chupa, akamwomba Mama atusubiri nje.

"Tumbo hili halina minyoo," alisema. "Iko nini, Noémie? Unaogopa nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nililia mpaka nikapata kwikwi, nikamweleza yote: jiwe, reli, kugonga, na sauti inayonifuata. Nilitegemea aniambie si kitu. Hakusema hivyo.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Dawa ya kwanza ni kusema. Utamwambia Mama Mulanga, mbele ya wazazi wako. Nitakuwa pale."

Jumapili, baada ya ibada, wazazi wangu, muuguzi na mimi tuliketi kwenye mkeka wa Mama Mulanga. Alikuwa akimenya karanga. Nilisema kwa sauti ndogo, nikasema yote.

Baba alikuwa wa kwanza kuongea. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibomoka namna ile.

"Hapana, mwanangu. Si weye," alisema. "Sheria ya bendera ni kutazama mara mbili. Siku ile nilitazama mara moja, nikapunga. Minyi njo nilimuua, mimi ndiye. Kila siku namsikia akigonga."

Kumbe naye alikuwa anasikia. Tulilala chini ya bati moja wiki tano, kila mtu na nyundo yake, hakuna aliyemwambia mwenzake.

Mama Mulanga aliacha karanga. Nilifumba macho, nikingoja laana.

"Asubuhi ile tuligombana," alisema taratibu. "Nilimunyima uji. Alitoka na njaa. Nimejiambia kila siku: njaa njo ilimulegeza miguu, hakuweza kuruka. Minyi njo nilimuua."

Mama yangu alianza kulia. Mama Mulanga akatutazama, baba na mtoto, mmoja mmoja.

"Bantu bawili mbele yangu, na minyi wa tatu. Basi Abner alikufa mara tatu? Muntu anakufa mara moja tu, Kapenda."

Akanivuta, akaniweka kifuani pake. Alinuka moshi na sabuni. Nililia, na nilipomaliza nilisikia njaa, njaa ya kweli. Nilikula karanga zake mpaka Mama akanikemea.

Jumatatu Baba alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wa stesheni kueleza kuhusu bendera. Walimwondoa kwenye zamu hiyo, wakamtia kwenye kundi la kubeba mataruma mazito yanayolaliwa na reli. Mgongo ulimuuma, lakini alianza kula. Nasi watoto tulikatazwa kumgongea mtu aliye kazini relini, nami nilitii.

Sauti haikuondoka kwa siku moja. Ilinijia tena nikiwa darasani, nikamwendea muuguzi Edmond nikidhani dawa yake imeshindwa.

"Haikushindwa," alisema. "Jeraha linapona polepole. Kosa lako ulikuwa nalo, dogo, la mtoto. Woga njo ulilifanya kubwa, kwa sababu ulilibeba peke yako. Kumbuka hili, Noémie: mdomo ukinyamaza, tumbo litasema. Mwili hauwezi kutunza siri. Ukisikia sauti ile, usizibe masikio. Mutafute baba yako, mwambie."

Nilimwambia jioni ileile, akiwa amelala kifudifudi, Mama anamkanda mgongo.

"Baba, leo nimesikia tena."

"Hata minyi," alisema. "Kaa hapa karibu."