Zimetoka Sawa

"Zimetoka sawa?" mpenzi wangu aliniuliza.

Tulikuwa kwenye duka la kuchapisha, asubuhi ya siku ya kutetea kazi yake ya uzamili ya usanifu wa grafiki. Mezani kulikuwa na mabango sita ya wauguzi wakitabasamu. Printa ilikuwa imeishiwa wino mwekundu. Nyuso zote zilikuwa za kijani, utadhani wauguzi wenyewe ndio waliozidiwa.

Yeye hakuona. Tangu azaliwe, nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, na siri hiyo chuoni tuliijua wawili tu. Kwenye kompyuta alisoma namba za rangi. Kwenye karatasi alinitegemea mimi, na kwa miaka miwili sikuwahi kumdanganya.

Lakini asubuhi hiyo simu yake ilikuwa imelia akiwa bafuni. Kiherehere changu kikanifanya niisome:

"Wazazi wamekubali, harusi mwezi ujao. Yule mchagua rangi umalizane naye ukishafaulu."

Mchagua rangi. Hata cheo cha hawara sikupewa. Roho iliniuma mpaka machozi yakagoma kutoka.

"Zimetoka sawa," nikamjibu.

Akanibusu kwenye paji la uso, akayabeba mabango yake.

Ukumbini nilikaa nyuma kabisa. Mwalimu aliyeongoza jopo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hawa wauguzi wana rangi ya majani. Umekusudia nini?"

Mpenzi wangu akanitafuta kwa macho. Nikainamia viatu vyangu. Angeweza kusema ni makusudi. Watu wa fani yetu hatukosi maelezo. Nilimsikia akikohoa kidogo.

"Sijui, mwalimu. Sizioni hizo rangi. Kuna mtu alikuwa ananiangalizia."

Jopo lilijifungia nusu saa. Kazi ikakataliwa yote, kwa sababu hawakujua tena ipi ni yake na ipi ni ya huyo mtu.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi.

"Uliona," akasema.

"Niliona. Na ujumbe wa mchumba wako niliuona."



"Nilitaka kukwambia baada ya leo."

"Najua. Nikishamaliza kazi."

Nilidhani ningefurahi, lakini nilijiona mchafu, na mjinga mimi bado nilikuwa nampenda. Nikakaa pembeni yake. Alishika kola ya shati lake.

"Hili ulinichagulia wewe. Ni rangi gani?"

"Kijani."

Nilimwambia kweli. Alinitazama, kisha akainuka na kumgeukia mama aliyekuwa akipiga deki chini ya ngazi.

"Samahani mama, shati hili ni rangi gani?"

"Kijani, mwanangu."

"Asante, mama," akasema, akashuka bila kugeuka nyuma.