Mume Wangu Hatapitia Pengo la Ua

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mjane, mama wa wasichana wawili. Wasomaji wenzangu, kama mnataka kunihurumia, ngojeni kwanza nimalize.

Mume wangu Barasa alikuwa fundi wa reli, nasi tulikaa Makongeni katika nyumba za wafanyakazi. Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Simiyu, mtu wa kijiji chetu, aliyemsimamia siku ya harusi yetu. Simiyu alipoachishwa kazi alihamia Kariobangi, akaanza kunywa chang'aa tangu asubuhi. Barasa hakumtupa. Hata alimwazima redio yetu, apate cha kumliwaza.

Redio haikurudi. Jumamosi moja Barasa akaenda kuichukua, akaniambia atapitia nyama njiani... Niliweka sufuria nikimngoja.

Yaliyompata nilisimuliwa na mama aliyeuza mboga mbele ya nyumba ya Simiyu. Barasa alimkuta akinywa na wenzake, akawasalimu, akachukua redio na kuitia begani. Wale walevi wakacheka, kumbe hata redio anayotambia Simiyu ni ya kuazima. Simiyu akaona haya. Akatoka mlangoni akapaza sauti, "Mwizi! Shika mwizi!"

Mchana kweupe, mtu mgeni, redio begani... nani angeuliza? Mtaa ule ulikuwa umevunjiwa milango mara nyingi, na polisi wakiitwa hawaji. Mafundi wa mtaani pale walitoka na vyuma, wasio na kazi wakaokota mawe. Simiyu alipoanza kusema alikuwa akitania, hakuna aliyemsikia.

Ni nani basi aliyemuua mume wangu? Chang'aa? Umaskini? Wapo wanaosema ndivyo zilivyo nchi maskini. Lakini redio hiyohiyo, niliyorudishiwa baadaye, hunisomea habari za watu wanaopigana risasi huko kwa matajiri, walioshiba. Sikatai, shida zilikuwapo. Ila mawe yaliokotwa na watu, wenye wake na watoto kama yeye.

Polisi waliniambia umati haushtakiwi. Matangani Simiyu alilia kunishinda mimi, na aliposafiri nasi kwenda kuzika, nilinyamaza. Nilitaka ayaseme mbele ya ukoo.

Tulipofika nyumbani, mzee wa ukoo alinivuta kando. Aliyeuawa kwa jina la wizi haingizwi kwa lango. Ua lilikuwa limeshatobolewa upande wa nyuma, jeneza lipite hapo.

"Mama, ndiyo desturi," akasema kwa upole. "Usiwatie watoto mkosi."

Nilikwenda nikasimama mbele ya jeneza. Simiyu alikuwa mmoja wa waliolibeba.

"Shemeji," nikamwambia, "waeleze wazee redio ilikuwa ya nani."

"Shemeji, tuzike kwanza..."

"Sema."

Jua lilikuwa kali, na wenzake walikuwa wakihemewa na mzigo. Nisingeondoka hata kama tungelala pale.

"Ilikuwa yake," akasema hatimaye. "Mimi ndiye niliyepiga kelele."

Mama mkwe wangu akaanguka chini. Mzee alikwenda mwenyewe akafungua lango, na Barasa akaingia kwake kama mwenye boma.

Nyumba ya kazi niliirudisha. Ndugu walitaka nibaki kijijini, nikakataa. Nilikodi chumba Kariobangi, mtaa uleule, ninakaanga mandazi mbele ya mafundi walewale. Wananunua bila kunitazama usoni. Shauri yao, mimi siendi popote.

Hivi karibuni kelele ile ilipigwa tena. Nilitoka mbio na kijiko changu cha mafuta mkononi, nikasimama mbele ya mtu aliyekuwa ameshaanza kutokwa na damu.

"Ameiba nini?" nikauliza. "Na kwa nani?"

Wakatazamana. Hakuna aliyejua! Mawe yakaanza kudondoka chini, na yule mtu akaenda zake akichechemea.

Wasomaji wangu, nawasihi, siku mkiisikia kelele hiyo msiiname kuokota kitu. Ulizeni kama nilivyouliza mimi. Siku ya Barasa mtaa mzima ulikuwa nje, na angalikuwapo mmoja wa kuuliza, angalirudi na ile nyama.