Pua ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alipitia mkahawani kumnusia baba yake kahawa. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama yake alisema hata usingizini alikuwa akihutubia. Lakini kazi hii ya kunusa hakumwambia mtu, hata rafiki yake wa dawati moja.

Baba yake alikuwa fundi wa kahawa, tena si fundi wa kubahatisha. Miezi minane iliyopita homa kali ilimlaza wiki tatu. Ilipoondoka, iliondoka na uwezo wake wa kunusa. Sabuni, vitunguu, moshi, vyote kwake vikawa sawa na maji. Daktari alimwambia asubiri, naye akasubiri, lakini harufu haikurudi. Kwa kuogopa kupoteza kazi, hakumwambia mama mwenye mkahawa.

“Espreso hainisumbui,” alimweleza Chiriku siku ya kwanza alipomwomba msaada. “Unasaga kahawa laini, unaishindilia, mashine inasukuma maji kwa nguvu. Nusu dakika tu, kikombe kidogo tayari. Ikishuka kama uzi wa asali, najua iko sawa. Ikikimbia kama maji ya bomba, najua sikusaga laini vya kutosha. Macho yananitosha.”

Kisha aligusa jagi la kioo lenye chujio la karatasi, na sauti yake ikashuka.

“Hii ya kuchuja ndiyo inayonitesa. Unaisaga chengachenga, unamimina maji polepole, yanajishukia yenyewe kwa dakika tatu au nne. Haina povu, haina haraka. Maji ya kwanza yakigusa kahawa, harufu inapanda na kukueleza kila kitu. Siku hizi inapanda, inanipita.”

Tangu siku hiyo Chiriku akawa pua ya baba yake. Aliinama juu ya chujio, akavuta pumzi, akasema: imeungua kidogo, imelala, haina nguvu, leo nzuri. Baba naye alirekebisha kufuatana na maneno hayo.

Jumatatu moja alimkuta Baba akipiga mluzi. Chiriku alisimama mlangoni kumsikiliza, maana mluzi huo ulikuwa haujasikika tangu ile homa. Ijumaa iliyopita mwenye mkahawa alikuwa amemwambia, “Fundi, naona umerudi!” na sifa hiyo ilikuwa bado inamchangamsha. Alifungua gunia jipya, akachota, akasaga, akamimina maji ya kwanza.

Chiriku aliinama. Harufu ya mafuta ya taa ikampiga usoni.

Alitupa jicho stoo. Kando ya gunia lilikaa dumu la mafuta ya jiko la akiba, lile ambalo Baba mwenyewe alilipeleka huko Jumamosi. Kahawa huvuta harufu ya jirani yake, Baba alishamfundisha hivyo.

“Enhe, mwanangu? Inasemaje?”

Chiriku alimtazama. Akisema kweli, gunia zima litatupwa, na mwenye mkahawa atauliza ilikuwaje fundi mzima atie mikono humo asihisi kitu. Zaidi ya yote, ule mluzi utakufa.

“Nzuri, Baba,” alisema. “Nzuri sana.”

Siku hiyo darasani Chiriku hakusema neno. Mwalimu alimuuliza kama anaumwa.

Aliporudi alasiri, mkahawa ulikuwa kimya. Mteja mmoja tu alikuwa amebaki, mwalimu mstaafu ambaye wote walimwita Bibi, na ambaye kila siku alikunywa kahawa ya kuchuja bila sukari. Kikombe chake kilikuwa kimejaa. Gunia lilikuwa wazi katikati ya sakafu, na mwenye mkahawa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

“Watu wa espreso wamekunywa tangu asubuhi na maziwa yao na sukari, hakuna aliyeng’amua,” alisema. “Bibi kaonja mara moja tu, kaweka chini. Fundi, harufu yote hii hukuisikia? Na kama mafuta yenyewe yangemwagikia humo, tungewanywesha watu sumu?”

Baba aliinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa ikikunja kitambaa, ikikikunjua, ikikikunja tena. Chiriku hakuweza kuvumilia.

“Mimi niliisikia,” alisema, machozi yakimtoka. “Niliisikia asubuhi, nikamwambia Baba ni nzuri.”

Baba aligeuka. Chiriku hakuwahi kuyaona macho yale. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu aliyepotea njia.

“Mama,” Baba alimwambia mwenye mkahawa, “mtoto hana kosa, kosa ni langu. Sinusi chochote, miezi minane sasa. Nimekuwa nikimtumia yeye.”

Mwenye mkahawa alivuta kiti akaketi. “Mficha maradhi kifo humuumbua,” alisema taratibu. “Ungeniambia, fundi. Ningekufukuza kwa kuugua?”

Hakumfukuza. Gunia lilitupwa, nalo dumu likahamishiwa kibanda cha nje. Baba alibaki kwenye mashine ya espreso, ambako macho na saa vilimtosha. Kahawa ya kuchuja alikabidhiwa dada mmoja, mhudumu wa mkahawa. Baba aliliosha lile jagi la kioo kwa mikono yake, akalifuta mpaka likang’aa, akampa. Halafu akaenda nyuma ya jengo.

Chiriku alimfuata. “Nilitaka usiache kupiga mluzi, Baba.”

“Najua.” Alimvuta karibu. “Lakini sikiliza, mwanangu. Mimi niliwadanganya watu wazima, nikakutwisha na wewe mzigo wa uongo wangu. Hilo nisamehe. Na wewe, usinionee huruma kwa kunidanganya. Pua yangu imekufa. Nilikuwa na yako. Uliponidanganya, sikuwa na yoyote. Anayekupenda hukwambia hata lile lisilopendeza.”

Jumapili yake, nyumbani, Baba alitoa chujio lake dogo la zamani na kuchemsha maji. Mama aliacha kushona akawatazama. Baba alimimina, akamgeukia Chiriku.

“Inasemaje?”

Chiriku alivuta pumzi. “Imeungua, Baba. Maji yalikuwa ya moto mno.”

Baba aliimwaga, akaanza upya.

“Hii imepoa, haina nguvu.”

Akaimwaga nayo. Mara ya tatu alimimina polepole, mvuke ukapanda ukampita. Chiriku aliinama kwa muda mrefu.

“Karanga za kukaangwa,” alisema. “Na ganda la chungwa, kwa mbali. Hii ndiyo yenyewe, Baba.”

Baba alikiinua kikombe, akakishika chini ya pua isiyonusa kitu. Alifumba macho, machozi yakamtiririka. Hakuuliza mara ya pili, maana alijua ameambiwa kweli.