Mkaguzi Asiyekuwepo

Ndugu zangu, nyumba ya binti yangu ilikuwa tulivu. Jumamosi asubuhi yeye, muuguzi wa wodi ya watoto, alipiga pasi sare zake. Mumewe, fundi wa programu, aliandika kwenye kompyuta mezani, akipiga mluzi.

Programu yake ilikuwa huria: yeyote aliweza kuisoma, kuichangia na kuitumia bure. Hospitali nyingi ziliitumia kukokotoa dozi. Wachangiaji walikuwa na sharti moja: toleo jipya halitoki mpaka mtu wa pili asome kila mstari uliobadilishwa.

Lakini mkwe wangu alikuwa amenogewa na sifa. Kila toleo lilimletea shukrani kutoka mbali, na kusubiri mkaguzi kulimkera. Akafungua akaunti ya pili, akaiita Jicho Kali. Akawa anaandika kwa akaunti yake ya kwanza na kujipitishia kazi kwa ile ya pili.

"Huyu Jicho Kali mbona hakukosoi hata siku moja?" binti yangu alimtania. "Unamhonga nini, bwana wewe?"

"Ni mtaalamu, mke wangu. Hana maneno mengi."

"Kwa hiyo nimwamini?"

"Mwamini kama unavyoniamini mimi."

Jumatatu akatoa toleo jipya. Ndani yake dozi ya siku nzima ilionekana kama dozi ya mara moja. Jicho jingine lingeligundua kosa hilo kwa dakika mbili.

Wodini, binti yangu aliitazama namba ya dozi kwenye programu hiyo, kubwa kuliko kawaida, akasita. Akafungua maelezo ya toleo: limekaguliwa na Jicho Kali. Akamchoma sindano mtoto wa wiki tatu. Kabla ya saa sita mchana mtoto alikuwa amekufa.

Binti yangu akahesabu dozi mwenyewe, akaliona kosa, akapiga simu nyumbani. "Nipe namba ya Jicho Kali! Liondoeni hilo toleo! Kwingine wanachoma sasa hivi!"

Akasikia mumewe akibonyeza kompyuta.

"Unanisikia? Jicho Kali ni nani?"

"Ni mimi."

Toleo aliliondoa. Mtoto hakurudi. Binti yangu alisimamishwa kazi, akahamia kwangu na begi moja. Mumewe huja mlangoni, naye binti yangu humjibu dirishani: "Ningejua ni wewe peke yako, ningehesabu upya. Nilimwamini yule mwingine."

Funzo

Wenzangu, sharti la kukaguliwa halikuwekwa kumdhalilisha fundi. Liliwekwa kwa sababu hata fundi hodari halioni kosa lake. Anayejipitishia kazi yake mwenyewe kwa jina la uongo amemnyang'anya mgonjwa mlinzi wake wa mwisho, na mgonjwa hajui.