Kiota Juu ya Dohani

Kila asubuhi, kabla ya kuingia darasani, Smaranda alisimama uwanjani akitazama dohani ya shule, lile bomba la moshi la paani. Korongo walikuwa wamejenga kiota kipana juu yake. Sasa baridi ilikuwa imeanza, ndege wamekwenda zao kusini, na wanafunzi wa shule ile ya kijijini Romania walikuwa wakibishana: kiota kiondolewe au kiachwe?

"Kiondolewe," alisema Iustin, aliyekaa naye dawati moja.

"Huna huruma wewe."

"Na wewe unapenda ndege kuliko watu."

Darasa likacheka. Mwalimu Zamfira akawaita mbele. "Smaranda, tueleze sababu ya Iustin. Akikubali kwamba umeieleza sawasawa, ndipo utoe yako."

Smaranda akamgeukia Iustin. Kumbe hakuwahi kumuuliza. "Kwani kinakukera nini?"

Iustin aliinamisha macho. "Kinaziba dohani, moshi wa jiko la kutupasha joto unarudi madarasani. Mdogo wangu Horia ana pumu. Jana mama alimbeba mpaka nyumbani."

Smaranda aliona haya. Alirudia maneno hayo polepole.

"Ndivyo," alisema Iustin. "Haya, na wewe? Si watajenga kingine?"

"Pengine. Lakini kwa msaga nafaka wa kijijini, korongo walibomolewa chao. Waliporudi walizunguka juu ya paa kutwa nzima, halafu wakaondoka. Mpaka leo hawajaonekana pale."

"Kwa hiyo unataka wakirudi wakute kwao."

"Hapo umenielewa."

Iustin akafikiri. "Je, ni lazima kiwe juu ya dohani?"

Swali hilo Smaranda hakuwahi kujiuliza.

Mwalimu aliomba kibali cha kukihamisha kiota, na wazazi wakasimamisha nguzo ndefu kando ya shule. Walikiteremsha kiota taratibu, wakakipandisha juu yake. Jiko likawashwa, moshi ukapaa nje, Horia akasoma bila kukohoa.

Majira ya kuchipua yalipofika, korongo walizunguka dohani mara kadhaa, watoto wakiwatazama kutoka madirishani. Mwishowe wakatua kwenye nguzo.

"Kelele zao zitatuharibia hesabu," Iustin alinung'unika.

"Mimi naona zinachangamsha," alisema Smaranda.

Mwalimu Zamfira alicheka. "Endeleeni kubishana, hakuna ubaya. Si lazima mkubaliane kwa kila jambo. Ila kwanza muulize mwenzako anaona nini, umsikilize mpaka mwisho. Ukishamwelewa, utampinga bila kumtukana, na huenda mkapata njia ambayo hakuna kati yenu aliyeiona peke yake."